Kila Mafiga, Bidon Moja

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 4 mwezi wa tisa, 2010

Kaye hii si yangu. Ni ya komite ya maji ya avenue yetu, hapa Bigo. Bwana Camille wa proje ya maji amenipa leo mbele ya watu wote, pamoja na kalamu mbili, akasema, "Madame secrétaire, humu utaandika kila kitu." Upande wa mbele nimeandika majina ya komite. Kisha nimegeuza kaye kichwa chini na kuanza huku nyuma kwa ajili yangu. Kurasa ni mia. Komite haitafika hata nusu, ninajua mikutano yetu.

Wamenichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, hakuna sababu ingine. Masomo yangu yalikatika sekondari, mwaka wa vita. Papa Lambert, chef wa avenue, alisema, "Mama Elodie aandike. Yeye akiandika hata miye bila miwani ninaona." Watu wakacheka.

Mambo yenyewe ni haya. Proje italeta robine, bomba la kufungua maji. Moja tu, kwa avenue nzima, toka barabara kubwa huko juu mpaka kwenye matete huko chini. Wao wanaleta tuyo za kupitisha maji na simenti. Siye wenyewe tutachagua mahali itakaa, siye wenyewe tutachimba mutaro siku za salongo, kazi ya watu wote, siye wenyewe tutailinda. Bwana Camille alirudia ile "ninyi wenyewe" mpaka jirani yangu Régine akaninong'oneza, "Huyu anataka kuoa avenue nzima."

Christian amelala. Ana miezi saba na meno mawili yanakuja pamoja. Mimi pia ningelala.

Siku ya pili ya juma, 7/9

Elodie ameanza shule. Asubuhi analia hataki kwenda, jioni analia hataki kuvua uniforme. Mvua.

Siku ya ine, 9/9

Maji, safari tatu. Kutoka mulango wangu mpaka chemchem kule ng'ambo ya matete ni hatua mia sita na kumi na mbili. Nimezihesabu leo ili nisifikiri juu ya shingo yangu. Kushuka si kitu. Kupanda, bidon ya lita makumi mbili kichwani na Christian mugongoni, ninapumzika mara ine.

Kwenye chemchem hatupange watu, tunapanga bidon. Unaweka yako nyuma ya ile ya mwisho, unaenda zako kunyonyesha au kutafuta kuni, unarudi unaikuta imesogea na mustari. Hakuna anayegusa bidon ya mutu kuitoa. Wanasema hata mwaka ule wa vita watu walikimbia, wakarudi baada ya siku tatu, bidon ziko bado zimepangwa vile vile.

Leo nimegombana. Kuna mama moja wa wale waliokimbia vita kutoka Djugu, wanakaa chini karibu na matete. Jina lake Emerance. Alikuwa na bidon tatu mbele yangu.

"Mama, hizi zote ni zako?"

"Ni zetu."

"Hapa ni mutu moja, bidon moja!"

"Hizi haziko za mutu moja," alijibu, polepole, kama mutu anayezungumza na mutoto.

Sikupenda ile polepole yake. Nilichukua bidon zake mbili nikazipeleka nyuma kabisa. Wamama wa juu walinipigia makofi. Yeye alikaa juu ya jiwe, akangoja zamu ya zile mbili mpaka jua likawaka kabisa.

Wale wa chini wanajifanya wapole, lakini wanajua kuchukua nafasi. Hivyo ndivyo ninavyoona.

Siku ya kwanza, 13/9

Mvua. Homa ya meno. Fiacre, mume wangu, ameenda Iga Barrière kutafuta maharagi ya kuuza, atarudi wakati pikipiki yake itataka.

Siku ya posho, 18/9

Mukutano, kisha salongo. Bwana Camille aliuliza tutachagua mahali pa robine namna gani. Akasema tuinue mikono. Hapa kwetu mukono ulioinuliwa unakumbukwa muda mrefu, na kila mutu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Akasema basi makaratasi. Mama Monique akasema yeye karatasi anaijua kwa kufungia chumvi tu.

Christian alikuwa ananyonya. Nikasikia sauti yangu inasema, "Tupange bidon."

Wote walinigeukia.

"Kama kwenye chemchem. Anayetaka robine ikae juu, aweke bidon yake kwenye kona ya kwetu. Anayetaka chini, aweke kwenye daraja ya miti, karibu na matete. Tutahesabu. Bidon kila mutu anazijua."

Watu walifurahi, hata wazee. Papa Lambert tu akauliza, "Na mutu wa kuleta bidon kumi?"

"Parcelle moja, bidon moja," nikasema. "Liste ya salongo tuko nayo. Iko parcelle makumi ine na ine."

Ni liste ya kila siku ya posho, kila mwenye kiwanja analeta mutu moja wa kufagia mitaro. Bwana Camille aliandika maneno yangu katika kaye yake mwenyewe. "Madame, hii nitaisimulia fasi zingine." Nilipanda nyumbani bila kusikia mugongo.

Siku ya posho, 25/9

Nilisimama na liste katikati ya avenue. Kila mutu ananionyesha bidon, ninatia alama kwenye parcelle yake, anaenda kuipanga anakotaka. Jua kidogo, matope mengi.

Emerance alifika amevaa kitenge safi, bidon mukononi. Parcelle 14. Nikaangalia, 14 iko na alama tayari. Mwenye kiwanja kile ni Régine, aliachiwa na baba yake, na Régine alikuwa ameshaweka bidon mbili, moja ya kwake na moja ya 14. Zote kwa kona ya juu.

"Pole mama," nikamwambia, "parcelle yenu imekwisha kuwekwa."

Nilisema vizuri, kwa heshima. Aliangalia liste, ambayo sijui kama anaweza kuisoma, akageuka akashuka na bidon yake.

Juu 25. Chini 19.

Robine itakaa hatua kumi kutoka mulango wangu. Hatua kumi! Régine alicheza peke yake barabarani mpaka kiatu chake kimoja kikabaki matopeni. "Mama Elodie, tutaoga kila siku mpaka watu waseme tumekuwa wazungu!" Nilicheka hadi Christian akaamka.

Siku ya Mungu, 26/9

Katika misa sikusikia mahubiri. Nilikuwa ninaosha vyombo kwenye robine.

Siku ya tano, 1/10

Mvua siku tatu. Chemchem imejaa maji ya rangi ya chai yenye maziwa. Tunachota hivyo hivyo, tunachemsha. Kuni ziko mbichi.

Siku ya posho, 9/10

Tumeanza mutaro. Wa juu tulikuja. Wa chini, watu watatu tu. Papa Lambert hapendi kupiga kelele, lakini leo alitupa jembe chini. "Wanataka kunywa bila kuchimba! Secrétaire, shuka na liste, kila parcelle iliyokosa uandike jina la kila mutu."

Fiacre amerudi. Anasema barabara ilifungwa siku mbili kule mbele ya Iga Barrière, hakuna anayejua sababu, na waliojua hawakusema. Alilala na viatu.

Siku ya pili, 12/10

Leo nitaandika mengi, Christian anisamehe akiamka.

Nilishuka na liste, mutoto mugongoni. Nilikuwa sijaingia ndani ya parcelle za chini hata mara moja tangu watu hawa wafike. Ninapita kwenda chemchem, sigeuke. Niseme ukweli hapa nyuma ya kaye. Kaka yangu hakurudi mwaka ule wa vita. Sijui nani. Sitaki kujua nani, niko na batoto wa kulea. Lakini miguu inajua njia zake, na miguu yangu haikuwa inaingia mule.

Parcelle 14, mvua ikanikamata pale pale. Emerance alinivuta ndani kwa mukono, akampokea Christian, akampangusa kichwa na kitenge kile kile safi. Nikakaa kwenye kiti. Kilikuwa kimoja tu.

Nilifungua liste. "Parcelle 14, jina la mutu wa salongo?"

"Yupi?"

"Wa hii nyumba."

"Mama Elodie, angalia."

Niliangalia. Katika kile kiwanja, nyuma ya nyumba ya mbele ambayo tunaiona kutoka barabarani, kuna vibanda vya udongo na shiti za plastiki vimebanana mpaka kwenye matete. Mbele ya kila kimoja, mafiga, mawe matatu ya kupikia. Nilihesabu mafiga saba. Familia saba. Bidon ziko tatu tu, wanazigawana, ndiyo maana siku ile alikuja nazo zote tatu.

"Juu ya nini hamukuja salongo?"

"Ile siku ya kupanga bidon, uliniambia imekwisha kuwekwa. Basi nikafikiri na kuchimba imekwisha kuchimbwa." Hakucheka. Kisha akacheka kidogo, kwa sababu Christian alikuwa amemkamata sikio.

Maji ya mvua yalikuwa yanapita katikati ya vibanda. Yanatoka huku juu kwetu, yanapita kwenye vyoo vyao, yanaingia kwenye matete, na ng'ambo ya matete ni chemchem. Hakunionyesha kwa kidole. Nilikuwa nimekaa pale, nilikuwa ninaona.

"Mume wako?" niliuliza, sijui kwa nini.

"Alibaki Djugu. Chini ya udongo."

"Kaka yangu pia," nikasema. "Hapa."

Alimuhamisha Christian kwenye goti lingine.

Mvua ilipokwisha niliingia parcelle zingine. Ya 17 iko na mafiga matano. Ya 22, tisa. Sikuandika jina la mutu hata moja. Niliandika mafiga. Kwetu juu karibu kila parcelle ni mafiga moja, ninajua bila kuhesabu.

Hakuna aliyedanganya siku ile. Mimi ndiye niliweka ile kanuni. Liste ya salongo inahesabu viwanja, na mimi nilifikiri kiwanja na mutu ni kitu kimoja, kwa sababu kwangu ni kitu kimoja. Na kwenye chemchem nilisema hakuna anayegusa bidon ya mutu. Mimi niligusa.

Siku ya ine, 14/10

Upande wa mbele wa kaye bado haujaandikwa PV, ripoti ya siku ile ya kupanga bidon. Bwana Camille anaitaka mbele ya mwisho wa mwezi, iko na sahihi yangu na ya chef. Bila PV, robine inaenda kwa kartye ingine, kwa mutaa wa watu wengine.

Nimepika sombe, majani ya muhogo. Imeungua.

Siku ya tano, 15/10

Safari tatu. Hatua mia sita na kumi na mbili. Kila hatua nilisema, nyamaza. Hatua kumi tu kutoka mulango, nyamaza. Nani atajua?

Siku ya posho, 16/10

Salongo ilipokwisha nilibaki na Papa Lambert. Alikuwa anasugua magoti yake. Nikamwambia yote: 14, 17, 22, mafiga.

Aliendelea kusugua. Ni muzee muzuri. Iko na ngombe tatu zilizobaki kwa makumi mbili na moja, na kila mwaka mupya anatoa maziwa kwa batoto wa avenue.

"Unataka kuhesabu batu," alisema mwisho.

"Ndiyo, Papa."

"Hii muji ilishaanza kuhesabu batu mara moja. Huyu ametoka wapi, yule ametoka wapi, ninyi muko wangapi. Weye ulikuwa binti. Miye nilizika. Tangu pale ninahesabu viwanja. Kiwanja hakina kwao."

Nilikuwa nimefikiri atanikatalia kwa sababu ya magoti yake.

"Papa," nikasema, "sitauliza mutu ametoka wapi. Sitaandika jina. Nitahesabu mafiga. Mawe matatu na moto katikati, basi. Kila mafiga, bidon moja."

"Na kama robine ikienda chini?"

"Itaenda chini."

"Weye uko na mutoto mugongoni."

"Ninajua fasi mutoto wangu iko, Papa."

Aliangalia mutaro, kwa kweli ulikuwa bado kufika hata kwenye uzio wangu. "Nitafikiri," akasema.

Siku ya Mungu, 17/10

Nimemwambia Fiacre wakati anafunga gunia kwenye pikipiki.

"Kwa hiyo tulikuwa na maji na weye unayarudisha."

"Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumeyachukua."

Alivuta kamba, akafunga, akafungua, akafunga tena. "Shingo ni yako," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alinisaidia safari moja ya maji mbele ya kuondoka, watu wakamwangalia mwanaume na bidon, akajifanya hasikii.

Siku ya tatu, 20/10

Bwana Camille alikuja. Amechoka pia, macho mekundu, iko na kartye sita za namna hii.

"Madame, mimi niliripoti kwamba avenue yenu imekwisha kuchagua."

"Ilichagua vibaya."

"PV ya siku ile ilitakiwa sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Na hutaki kuitia."

"Sitaitia."

Alifunga kaye yake, akaifungua. "Siku ya posho 30, saa ine, mupange bidon tena. Nitakuwa hapa mara moja tu, sitarudi. Mukigombana, mukipigana hata kidogo, ninaandika kwamba avenue haikuelewana, na robine inaenda." Kisha akauliza kama ningeweza kumupa maji ya kunywa. Nilimupa ya kuchemsha. Aliangalia rangi yake mbele ya kunywa.

Siku ya tano, 22/10

Papa Lambert amekubali. Neno moja, akipita na ngombe: "Mafiga."

Régine hanisalimie. Anasalimia Christian: "Bonjour mutoto, mwambie mama yako ametuuza."

Siku ya pili, 26/10

Tumehesabu mafiga. Ilipaswa mama moja wa chini na mama moja wa juu waende pamoja na mimi, watu wasiseme nimeongeza. Wa chini walimutoa Emerance. Wa juu walimutoa Régine, kwa maana yeye ndiye alikuwa anapiga kelele kupita wote. "Ninakuja ili musiibe," alisema, na akavaa viatu vyake vya misa kuonyesha kwamba hakusudii kukaa matopeni.

Juu tulimaliza haraka. Chini, Régine aliinama kwenye kila mafiga, anaweka mukono juu ya majivu. Kama yana joto, anasema "Oui." Kama hayana, "Hii ni mawe tu, ya kudanganya."

Katika 14, kwenye kibanda cha mwisho kabisa, aliweka mukono. "Baridi! Emerance, hii mumeiweka leo asubuhi!"

Mama aliyetoka mule ni mudogo kuliko mimi, na tumbo kubwa. Alisema, "Iko baridi kwa sababu hatujapika tangu jana."

Régine alibaki ameinama. Mukono wake ulikuwa bado juu ya majivu, kama mutu anayengoja yapate joto. Hiki ni kiwanja cha baba yake. Yeye mwenyewe aliniambia siku moja kwamba hajafika mule miaka miwili, anatuma mutu tu.

"Andika," akaniambia. "Mama Elodie, andika moja."

Tulipopanda, viatu vya misa vilikuwa mukononi mwake. Kwenye uzio wangu akasema, "Lakini robine ninaiweka juu. Usifikiri nimegeuka."

"Weka unakotaka. Ndiyo maana ya kuweka."

Saa kumi nilimuona anashuka tena, na sufuria imefunikwa.

Siku ya ine, 28/10

Mvua. Jino la kwanza limetoka. La pili linajivuta.

Siku ya posho, 30/10

Bwana Camille alifika saa ine kamili, bila mwavuli. Manyunyu. Nilifikiri watu hawatakuja. Walikuja.

Wa chini waliazima bidon kila fasi, zingine hazina vifuniko, zingine zimetoboka, mama mwenye tumbo aliletewa beseni. Mutu wa juu akapiga kelele, "Beseni si bidon!" Papa Lambert akamujibu, "Na weye si chef." Watu wakacheka, na kile kicheko kilitusaidia, kwa maana mabega ya vijana wengine yalikuwa yameshaanza kupanda.

Papa Lambert aliweka yake ya kwanza, ili wote waone. Juu. "Magoti yangu hayashuki," alisema. "Sasa kila mutu aweke ya magoti yake." Akavuta kiti chake cha plastiki katikati ya mistari miwili, akakaa, mvua ikimupiga kichwani, kuangalia kwamba hakuna anayegusa.

Régine, juu.

Ikafika zamu yangu. Nilitia alama kwenye mafiga yangu mwenyewe. Kila mutu aliniangalia, wa juu na wa chini. Emerance pia. Nilikuwa nimekesha siku nyingi nikijiuliza watataka nini kutoka kwangu. Wa chini walifikiri nitaweka chini, kwa vile nimewatetea. Wa juu walifikiri hivyo hivyo, na walikuwa wameshaandaa matusi.

Nikaweka juu.

Siandiki hapa ili nijisifu wala nijihukumu. Mimi niko na mafiga moja, na shingo moja, na mutoto anayekuwa muzito kila siku. Nilitaka ile robine. Niliitaka kwa kweli, na kutaka kwangu kuhesabiwe moja, kusihesabiwe saba. Emerance alitingisha kichwa kidogo, kama kwenye soko mutu akikubali kipimo.

Tulihesabu mara mbili, mimi na Régine, kisha Bwana Camille peke yake. Juu 36. Chini 71.

Hakuna aliyecheza. Bwana Camille aliniambia, "Mutaro utakuwa murefu mara tatu, madame. Mwenye kuchimba ni ninyi." Nilimwambia ninajua. Nimeandika PV upande wa mbele pale pale juu ya goti, kwa kukaza kalamu ili mvua isiifute. Nikatia sahihi. Papa Lambert pia.

Nilipofika nyumbani nililia kidogo kwa ajili ya hatua kumi. Elodie akaniletea kiti cha Christian nikalie.

Siku ya posho, 6/11

Salongo. Wa chini walikuja wengi kuliko majembe. Tulichimba kwa zamu.

Siku ya tatu, 10/11

Wanachimba hata siku zisizo za salongo.

Siku ya posho, 13/11

Mutaro umepita mbele ya mulango wangu. Nilichimba kipande kile mimi mwenyewe, sikumupa mutu. Emerance alimubeba Christian. Tuyo itapita chini ya miguu yangu kila siku ikienda chini kwao, ninaisikia tayari.

Siku ya kwanza, 15/11

Udongo umebomoka fasi mbili kwa mvua. Kuanza tena.

Siku ya tano, 19/11

Kuanza tena.

Siku ya posho, 20/11

Jino la pili. Mutaro umefika kwenye daraja ya miti. Mama mwenye tumbo amezaa, mutoto mwanamuke. Wanataka kumuita Robine, Emerance anawakataza.

Siku ya pili, 30/11

Mafundi wa proje wanaweka simenti. Mikono yangu imekuwa kama ya mwanaume. Fiacre anasema barabara iko wazi wiki hii. Wiki hii.

Siku ya posho, 4/12

Maji yametoka. Kwanza hewa, kisha kutu, kisha maji. Watu hawakupiga kelele, waliangalia tu, kama yataacha. Komite imemupa Emerance ufunguo, atafungua asubuhi na jioni. Liste mupya ya salongo ni ya mafiga, Papa Lambert mwenyewe ameiomba.

Siku ya kwanza, 6/12

Huu ni ukurasa wa katikati ya kaye. Komite imeandika mingi kuliko nilivyofikiri, na mimi pia. Ng'ambo ya karatasi hii ni PV ya mwezi wa kumi. Niliikazia kalamu sana, herufi zimetokea upande huu. Ninaandika katikati yake.

Kutoka mulango wangu mpaka robine ni hatua mia tatu na tisa.

Leo asubuhi nilishuka na bidon mbili, yangu na ya Papa Lambert. Mustari ulikuwa murefu. Nikaziweka zote mbili nyuma ya ile ya mwisho, nikaanza kumufunga Christian vizuri.

"Ee, secrétaire!" Ilikuwa sauti ya Emerance, ufunguo shingoni, mikono kiunoni, wamama wote wakageuka. "Hapa ni mutu moja, bidon moja!"

Nikasikia uso unaniwaka. Alikuwa ameingoja siku hii tangu mwezi wa tisa, na alikuwa na haki nayo. Alishuka pale alipokuwa, akafika kwenye mustari, akasimama mbele ya bidon zangu.

"Hizi haziko za mutu moja," nikasema.

Alizitazama, ile yangu yenye kitambaa cha kijani, ile ya muzee yenye kamba ya ngombe. Wamama walikuwa wameanza kucheka. Hakuzigusa. Akasema, "Basi ngoja kama batu yote," akarudi kwenye robine yake.

Nilingoja. Kisha nikapanda mara mbili. Kila mara nilipumzika mara mbili njiani, badala ya ine.